Kiota Ndani ya Banda: Historia ya Majani, Manyoya na Nyuzi Tunazowapa Ndege

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wasomaji, wazazi kwa wanafunzi, makala ya safari hii ni ya historia, lakini ni historia ya kitu kidogo ambacho huenda hamkutarajia kukikuta katika ukurasa huu: majani makavu, manyoya na nyuzi. Sababu ni kwamba baadhi ya vijana wetu hapa Rumonge wamejenga mabanda ya ndege uani kwao, kwa mianzi na wavu wa chuma, na humo wamewaweka wale ndege wadogo wala mbegu ambao wengi wetu tunawaita chiriku tu, ingawa wataalamu wanawagawa katika aina nyingi. Mvua zikikolea, dume na jike wakianza kufuatana na kuchokonoa pembe za banda, kijana huja na swali moja: "Maalim, tuwawekee nini wajengee?"

Wengi hudhani ni swali la dakika moja. Tupia humo chochote kilicho laini, basi. Lakini ndege wa porini ana mwambao mzima wa kuchagua, na wa bandani hana ila kile ambacho mkono wako umemtilia. Ukimpa kibaya atakijengea hichohicho, na kitakachofuata utakiona kwenye miguu ya makinda. Ndiyo maana nimeona tulitazame jambo hili tangu mbali kidogo.

MTOTO WA MADINA NA NDEGE WAKE

Kila mwanafunzi wa madrasa anamjua Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (Radhiyallahu anhu) kwa upande wa mama. Alikuwa na kindege akikichezea, kwa Kiarabu kinaitwa nughar, na wanazuoni wa lugha wamekieleza kuwa ni ndege mfano wa shomoro mwenye mdomo mwekundu. Kindege kile kikafa. Mtume (Swallallahu alayhi wa sallam) alipoitembelea nyumba ile akamkuta mtoto amenuna kwa huzuni, akamliwaza kwa kumuuliza habari za ndege wake kwa maneno mepesi yenye vina, kama mtu mzima anavyomtania mtoto anayempenda. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Sasa sikilizeni historia yake. Katika karne ya nne ya Hijria walikuwapo watu waliowacheka wanazuoni wa hadithi, wakisema hawa wanapokea hata habari zisizo na faida yoyote, na mfano waliouleta ni hadithi hii ya mtoto na ndege. Abul-Abbas Ibn al-Qass wa Tabaristan, mwanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i aliyefariki mwaka 335 Hijria, takriban 946 Miladia, akawajibu kwa kuandika kijitabu kizima ambamo alitoa katika hadithi hiyo moja mafunzo yanayopindukia 60. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria, sawa na 1449) akayafupisha katika sherehe yake ya Bukhari. Moja katika mafunzo hayo ndilo linalotuhusu leo: kwamba inafaa kumweka ndege tunduni na mtoto akamchezea.

Lakini ruhusa hiyo ina majirani zake. Kuna ile hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, na mwisho wake mnaujua. Na kuna ile iliyopokewa na Abu Dawud, kutoka kwa Ibn Mas'ud, ya maswahaba waliochukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa kwa fadhaa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru makinda yarudishwe kwa mama yao. Ukizisoma hadithi tatu hizi pamoja unaona kwamba kufuga kunafaa, na aliyefungiwa ana haki zake kwa aliyemfungia.

Vitabu vya fiqhi vinataja chakula na maji. Mimi naona, na mwenye elimu zaidi atanisahihisha, kwamba ukishamweka dume na jike pamoja wakawa wanataka kutaga, basi majani ya kujengea yameingia katika mlango uleule wa chakula na maji. Umemzuia asitoke kuyatafuta, kwa hiyo yamekuwa juu yako.

NDEGE WALIOSAFIRI BILA MAJANI YAO

Biashara ya ndege wadogo ni ya zamani, na jambo la kushangaza katika historia yake ni jinsi wauzaji na wanunuzi walivyojali rangi wasijali kabisa mahali ndege alipotoka. Katika karne ya 17 vindege vyekundu vyenye madoa meupe vilikuwa vikipelekwa bandari ya Surat, India, kutoka Ahmadabad, mji uliojengwa na Sultani Ahmad Shah wa Gujarat mwaka 1411. Wazungu wakamwita ndege huyo kwa jina la mji uliomuuza, wakilipindapinda katika ndimi zao, na hadi leo jina lake la kisayansi ni Amandava. Hebu fikiria, ndege wa matete na nyasi za mabondeni anabeba jina la soko.

Kisa cha pili kinatugusa zaidi. Yuko ndege wa buluu wa hapa kwetu, ambaye dume lake lina doa jekundu shavuni kama aliyepakwa rangi kwa kidole. Anaonekana katika vichaka na mashamba kutoka Senegal hadi huku Afrika Mashariki. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyevipa viumbe majina ya Kilatini, alimwandika mwaka 1766 kwa jina la bengalus, yaani wa Bengal. Bengal hakuna ndege huyo hata mmoja wa asili. Alikuwa ameingia Ulaya kwa njia za biashara na watu wakachanganya asili yake, na jina likabaki hivyohivyo, kwa kuwa kanuni za majina hayo haziruhusu kulibadilisha kwa sababu tu limekosea mahali.

Mimi hukitumia kisa hiki darasani ninapofundisha umuhimu wa isnadi, mapokezi ya habari mtu kwa mtu, na wanafunzi hucheka. Lakini kwa mada yetu kina maana ya moja kwa moja. Asiyejua ndege ametoka wapi hawezi kujua anajengea nini. Ndege wengi wa biashara hiyo waliishi katika vitundu vidogo vya sebuleni kama mapambo, wakaimba, wakafa, wakanunuliwa wengine. Hakukuwa na haja ya kuwazalisha maadamu meli nyingine ilikuwa njiani.

Mabadiliko yalianza taratibu katika karne ya 19, pale baadhi ya wafugaji Ulaya walipotaka ndege wao watage. Ujerumani alikuwapo Karl Russ, aliyeandika vitabu vinene juu ya ndege wa kigeni wa kufugwa na kuanzisha jarida lao mwaka 1872. Wafugaji wa namna yake waligundua kwamba ndege yule aliyekuwa amekaa kimya miaka miwili juu ya kijiti huamka akipewa nafasi, kichaka na nyenzo za kujengea. Wakajaribu nyasi kavu, kuvu za miti, manyoya, na zile nyuzi za kumbi la nazi. Hizo za nazi zimebaki hadi leo katika maduka ya vifaa vya ndege duniani, zinauzwa kwa mafungu kwa bei ambayo mtu wa Pemba akiisikia atadhani unamfanyia mzaha.

Na tukiwa tumeshafika kwenye nazi, tupite Zanzibar kidogo, kwani ndiko ilikotoka njia iliyotuletea dini na Kiswahili huku ziwani. Misafara ilitoka Zanzibar na Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ikaja Nyanza-Lac, Rumonge na Usumbura. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta Waarabu wameshatangulia. Basi katika karne hiyohiyo ya 19 Zanzibar ilipokea ndege wa kufugwa kutoka Java, wa kijivu, kichwa cheusi, mashavu meupe, mdomo mnene mwekundu, mla mpunga mkubwa. Wakatoroka matunduni au wakaachiwa, wakakaa. Hawakufuata mtu wa kuwachagulia. Waliingia katika matundu ya kuta na chini ya mapaa ya nyumba, wakajaza nyasi, wakatotoa, na vizazi vyao vikaendelea Unguja na Pemba. Huko kwao Indonesia ndege huyohuyo amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni kutegwa kwa ajili ya matundu.

Katika karne ya 20 biashara ikageukia Afrika kwa nguvu. Senegal na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosafirisha ndege hai wengi zaidi katika miaka ya 1980. Kisha milango ikafungwa mmoja mmoja. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji mwaka 2005 kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya mzuio huo kuwa wa kudumu. Tanzania nayo ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016.

Matokeo yake kwa mfugaji wa mbali yalikuwa haya: ndege wake akifa, hakuna meli wala ndege ya mizigo itakayomletea mwingine. Ikambidi ajifunze kuzalisha. Na hapo swali la kijana wetu wa Rumonge, tuwawekee nini wajengee, likawa swali la watu wazima wenye shahada.

NDEGE ANACHAGUA MWENYEWE

Mnawajua wale wanana wa manjano wanaopiga kelele juu ya michikichi yetu mpaka jani lote limebaki mifupa. Si chiriku hasa, ni binamu zao wafumaji, lakini ndio waliowafundisha wataalamu mengi ya mwanzo. Mume na mke, Nicholas na Elsie Collias, walifuga wanana wa Afrika katika mabanda huko California na kuwatazama kwa miaka. Mwaka 1964 walichapisha waliyoyaona: ndege alipopewa nyenzo za rangi mbalimbali alipendelea ya kijani. Ana sababu. Ukanda mbichi wa jani unapindika na kufungika fundo, kisha unakauka ukiwa umeshashika. Madume machanga yaliyonyimwa nyenzo utotoni yalianza kufuma vibaya na yakahitaji mazoezi, sawa na msichana anayejifunza kusuka ukili. Na jike hukagua. Kiota kikichakaa rangi bila kukubaliwa, dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya.

Hao ni wafumaji. Chiriku wadogo hawafungi mafundo, wao husokota na kupachika majani makavu mpaka yakawa mviringo kama mpira wenye mlango ubavuni. Kwa hao, utafiti mwingi umefanywa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kwa kutumia chiriku wa Australia mwenye milia, ambaye ndiye anayefugwa zaidi duniani. Mwaka 2014 walionesha kwamba dume aliyejengea kamba legevu hujifunza, na akipewa nafasi tena huchukua kamba ngumu zaidi, kwa kuwa anahitaji vipande vichache kumaliza kazi. Mwaka 2015 wakafunika kuta za tundu kwa karatasi za rangi, na madume mengi yakachagua karatasi inayofanana na ukuta, yaani yanaficha kiota. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, waliona kwamba dume lililofanikiwa kukuza makinda katika kiota cha rangi lisiyoipenda mwanzoni lilibadilisha mapendeleo yake. Kumbe vindege hivi vina kumbukumbu ya nyumba iliyowafaa.

Kuna moja ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote. Dume la jamii ya yule ndege wa buluu, akitaka kuposa, huchukua ujani mrefu mdomoni akaushika kwa ncha, akaanza kuruka juu ya kijiti huku akiimba. Mwaka 2015 watafiti wa Japani na Ujerumani walimpiga picha kwa kamera za kasi ndugu yake mwenye kichwa cha buluu, anayeishi Kenya na Tanzania, wakaona kwamba katika kila ruko anapiga hatua kadhaa za haraka mno zisizoonekana kwa macho yetu. Na jike naye hucheza hivyohivyo. Vijana wameshaliita lile jani mahari. Basi banda lisilo na nyasi ndefu hata moja limemnyima dume huyo hata cha kuposea, achilia mbali cha kujengea.

Hata hivyo tusidhani ndege hachagui vibaya. Mjini Mexico, watafiti waliripoti mwaka 2013 kwamba shomoro na chiriku wa mjini hutia katika viota vyao nyuzi za vichungi vya sigara, na viota hivyo vilikuwa na utitiri mchache. Mwaka uliofuata wakaongeza habari ya pili: makinda yaliyokulia humo yalikuwa na madhara katika chembe za damu. Sumu iliyofukuza wadudu haikuwaacha watoto salama.

Na yuko yule mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwekundu unaong'aa kama nta, anapatikana sana katika nyasi za mabondeni kwetu. Huyu hukusanya kinyesi cha wanyama wala nyama akakiweka ndani na kandokando ya kiota, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa harufu hiyo hupunguza maadui wanaokuja kula mayai. Nilipolisema hili darasani kijana mmoja akauliza kama kiota chake kinatoharishwa mara saba. Tukaendelea na somo.

NYUZI ZA ZIWA LETU

Sasa tuje mwambaoni kwetu. Kabla ya nailoni, wavuvi wa Tanganyika walisokota nyavu na kamba kwa magome na nyuzi za mimea, na samaki wengi wadogo walichotwa usiku kwa lusenga, ule wavu wa mpini mrefu, kwa mwanga wa moto. Ndege aliyeokota kipande cha kamba hiyo mchangani alikuwa ameokota mmea. Ukilowa ulilainika, ukikaa ulioza, ukivutwa ulikatika.

Nailoni ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokuwa Usumbura walianzisha uvuvi wa nyavu kubwa za kuzungushia, na katika nusu ya pili ya karne hiyo nyavu za viwandani zikaenea kwa kila mvuvi, mkubwa na mdogo. Kwa mvuvi ilikuwa neema, wavu usiooza. Lakini sifa ileile ya kutooza ndiyo inayomuua ndege. Leo pita mahali popote zinapoanikwa ndagala, utaona vipande vya nyuzi za buluu na kijani vimechanganyika na mchanga. Ndege wa porini huviokota. Na watoto nao huviokota wakavitia bandani, kwa kuwa ni laini, ni vingi na ni vya bure.

Nimeshika mkononi kinda la siku kama kumi ambalo uzi wa namna hiyo ulikuwa umejizungusha juu ya kifundo cha mguu. Uzi haukui, mguu unakua. Ulikuwa umeshaingia ndani ya ngozi na vidole vimekuwa vyeusi. Wenzake wawili walikuwa wamefungwa pamoja kwa uzi huohuo, na mama yao alikuwa akiendelea kuwalisha kana kwamba hakuna jambo. Kijana mwenye banda alikuwa amelisha vizuri, maji safi, kivuli, kila kitu. Aliyemponza ni uzi.

Nylon si peke yake katika kundi hili. Nyuzi zinazochanika kwenye magunia ya mchele ni hatari vilevile, na nywele za bandia zinazofagiwa saluni ni mbaya zaidi kwa wembamba wake. Pamba je? Bonde la Imbo lililima pamba tangu enzi ya Wabelgiji, na mama zetu wanaithamini, lakini kwa chiriku haifai. Nyuzi zake nyembamba hujiviringa kwenye kucha na vidole, na ndege akizimeza zinaweza kumzibia koo. Usidanganyike na ulaini.

Kisha iko hatari ambayo naamini ni ya Rumonge hasa. Huku ni kwenye michikichi, na pale mawese yanapokamuliwa hubaki makapi yenye nyuzi nzurinzuri za rangi ya dhahabu. Kwa macho zinafanana kabisa na nyuzi za nazi. Tofauti ni kwamba zimejaa mafuta. Ndege hutotoa kwa kulalia, na mafuta ya kiotani hupaka manyoya ya tumbo na kutoka hapo yakapaka mayai. Ganda la yai lina vitundu vidogo vya kupitisha hewa, na mafuta yakiviziba kilichomo ndani hukosa pumzi. Katika nchi nyingine watu huyapaka mafuta mayai ya mabata bukini kwa makusudi, ili yasitotolewe. Kwa hiyo ukiona mayai manne yamelaliwa wiki mbili na zaidi na hakuna kilichoanguliwa, angalia kwanza kiota kimejengwa kwa nini kabla hujamlaumu dume.

Basi kinachofaa ni kipi? Alhamdulillah, kipo cha kutosha na hakiuzwi. Ukoka uliokauka ndio wa kwanza, mwembamba na unaopindika bila kuvunjika. Kwa ukuta wa nje waongezee nyasi ngumu kidogo, na mashuke ya mabingobingo yaliyomaliza kupukutisha mbegu wanayapenda sana. Vunja au kata yafikie urefu wa kiganja, na machache yaache marefu kwa ajili ya wale wacheza ngoma. Nyuzi za kumbi la nazi ukizipata zichambue, zioshe chumvi na vumbi, uzikate fupi, zisizidi urefu wa kidole. Chukua nyasi mbali na mashamba yaliyopuliziwa dawa. Na katika miaka hii ambayo ziwa limepanda likala sehemu za mwambao, hasa 2021 na 2024, nyasi nyingi za ukingoni zimekaa majini na kuota ukungu, hivyo ni bora kupanda juu kidogo kuelekea vilimani ukachuma zilizo kavu. Zianike juani siku mbili kabla ya kuzitia bandani. Jani lenye ukungu huugua pamoja na ndege.

Kwa ndani watataka manyoya. Wale wekundu wadogo wanaozoea kuingia hadi mlangoni kwetu kuokota chenga za uwele, na wale wa buluu, hutandika kiota kwa manyoya laini, na meupe ya kuku huyagombania. Lakini manyoya ya kuku huja na utitiri, na utitiri hunyonya damu ya makinda usiku mpaka yanaishiwa nguvu. Yamwagie maji ya moto, yaanike jua kali, ndipo uyatie.

Pa kujengea, kikapu kidogo chenye mlango ubavuni kinatosha, au kibuyu kilichotobolewa, au kifuu. Hapa Burundi kwenye mafundi wa vikapu hatuna udhuru. Weka vikapu vingi kuliko jozi za ndege, na vyote viwe katika kimo kimoja, la sivyo watapigania kile cha juu. Kichaka kikavu kilichofungwa kwenye kona ni bora zaidi kwa aina zinazopenda kujificha.

Limebaki jambo la wakati. Wengi huweka nyasi na kuziacha hapo msimu mzima kwa ukarimu. Dume akiona nyasi bado zipo hudhani ujenzi haujaisha, huendelea kupandisha tabaka juu ya tabaka, hadi akayafukia mayai na jike akataga mengine juu yake. Ukifumua kiota kama hicho unakuta ghorofa tatu za mayai yaliyopoa. Kwa hiyo yai la kwanza likionekana, toa nyasi zote zilizobaki bandani. Usiguse kiota chenyewe. Manyoya machache unaweza kuyaacha, kwa kuwa katika aina nyingi za ndege hawa dume anapokuja kupokezana zamu ya kulalia hupenda kuja na unyoya mdomoni, na ukimnyima huenda akaanza kuchomoa ya mgongoni mwa wenzake. Hesabu siku 12 au 13 za kulalia, na wiki tatu pungufu kidogo hadi makinda yatoke kiotani. Yakishatoka na kuanza kujilisha, kiondoe kile kiota cha zamani ukichome moto pamoja na utitiri wake, osha kikapu, na ndipo uweke nyasi mpya.

Wabillahi tawfiq.